Injini iliyofunguliwa mara mbili

Wiki hii naomba nikupeleke katika gereji ndogo iliyo ubavuni mwa nyumba ya mdogo wangu, katika mji wa Leicester, Uingereza, ambako nilikaa miezi mitatu nikiwa mgeni. Ni mji ambao mtu wa Afrika Mashariki hajioni mpweke sana, kwani Waasia wengi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 walihamia huko, na hata leo unaweza kuingia dukani ukajibiwa kwa Kiswahili. Lakini habari yangu si ya mji. Ni habari ya kijana, gari bovu, na neno moja alilolisema tukiwa mezani.

Kijana huyo ni mtoto wa mdogo wangu, ana miaka 22, nami ni baba yake mkubwa. Nilipofika niliikuta nyumba imegawanyika. Kijana alikuwa amenunua kwa akiba yake Mazda MX-5 ya zamani, gari dogo la viti viwili, la aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, na baba yake hakutaki hata kulitazama. Sababu ilikuwa nzito. Mwaka uliotangulia, rafiki aliyesoma na kijana huyo alivunjika miguu yote miwili usiku, vijana walipokuwa wakishindana kwa magari kwenye barabara ya umma. Tangu siku hiyo shemeji yangu hakulala mpaka asikie mwanawe amefunga mlango.

Kijana alikuwa na shauri lake. Uingereza vipo viwanja vya mbio za magari ambavyo kwa siku maalumu hufunguliwa kwa watu wa kawaida, wakalipa ada na kuendesha magari yao wenyewe. Hayo si mashindano: hapimwi mtu muda wala hatolewi mtu kikombe. Asubuhi wote hukusanywa wakasomewa kanuni. Kila dereva huvaa kofia ngumu, na mizunguko ya mwanzo huendeshwa polepole ili watu waijue njia. Huwezi kulipita gari la mbele mpaka dereva wake akuruhusu, tena kwa upande uliotajwa tu. Bendera nyekundu ikionyeshwa, kila mtu hupunguza mwendo na kurudi alikotokea.

"Baba mkubwa," aliniambia, "huko hakuna mtoto anayevuka barabara, wala lori linalokuja mbele yako."

Nilimwambia mdogo wangu kwamba damu ya ujana ni kama maji ya mvua. Huyazuii yasiteremke, lakini unaweza kuyachimbia mfereji. Alinyamaza muda mrefu, kisha akatoa masharti. Gari hilo lisishindanishwe barabarani hata siku moja. Fedha zote zitoke mfukoni mwa kijana. Gereji ataitoa yeye, lakini kazi aifanye kijana pamoja nami. "Mimi simo," akasema.

Kabla ya kushika kalamu nilijifunza ufundi wa magari Gerezani, Dar es Salaam, kwa hiyo nilipoliona gari lile likitoa moshi wa buluu nilijua linakula oili. Tulipima mgandamizo wa silinda zote nne. Tatu zilikaribiana, moja ilikuwa chini sana. Tukatia oili kidogo ndani ya silinda hiyo, tukapima tena, kipimo kikapanda. Fundi anaijua maana yake: ringi za pistoni zimechoka, nayo oili imeziba kwa muda pale palipokuwa panavuja. Kama ubovu ungekuwa kwenye valvu, oili ile isingebadili kitu.

Tukaishusha injini. Kila boliti ilitiwa katika mfuko wake ukaandikwa jina, na kila kifuniko cha konrodi kikatiwa alama, kwa sababu vifuniko hivyo havibadilishani: kila kimoja kimechongwa pamoja na konrodi yake. Kijana alitaka kuagiza ringi mpya jioni ileile. Nilimzuia. Nilimwambia apime kwanza, kisha ndipo anunue.

Silinda za injini ile ya cc 1598 zina kipenyo cha milimita 78, lakini silinda iliyotumika miaka mingi huenda si duara tena. Hulika zaidi upande mmoja, na huenda juu ikawa pana kuliko chini. Hivyo tulipima kila silinda juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Tukakuta kulika kwake bado kumo ndani ya kiwango kinachoruhusiwa na kitabu cha kiwanda. Hapakuwa na haja ya kuzichonga upya na kununua pistoni kubwa zaidi. Ilitosha kuzisugua kwa jiwe mpaka kuta zikapata michirizi inayopishana, ambayo hushika oili hadi ringi mpya zizoeane nazo.

Kisha kila ringi ikaingizwa katika silinda yake ili tupime mwanya wa ncha zake. Mwanya ukiwa mdogo mno, joto litazikutanisha ncha na ringi itavunjika. Ukiwa mkubwa mno, gesi itapita. Nafasi iliyopo kati ya beringi na kranki ni nyembamba kuliko unywele, nayo tuliipima kwa uzi laini wa plastiki unaobanwa chini ya kifuniko, ukafunguliwa, na upana wake uliolala ukasomwa kwenye karatasi yake. Ndani ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, tuliongeza vizuizi vya bati. Katika kona ndefu ya uwanja wa mbio oili hukimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa, na beringi zikafa mara moja.

Wiki ya sita kijana alizifunga konrodi peke yake, usiku, akiwa ametoka kazini, nami nimekwishalala. Siku zilizofuata tukafunga sampu na hedi, tukairudisha injini garini. Akalipa ada ya siku moja katika uwanja wa Mallory Park, ulio karibu na Leicester, wenye mzunguko wa maili 1.35. Zilibaki siku nne.

Usiku huo, baada ya sala ya Isha, tulikuwa mezani. Kijana hakula. Hatimaye akasema, "Baba mkubwa, nati ya mwisho ya konrodi ya nne, sikumbuki kama niliikaza kwa spana ya kipimo au niliishika kwa mkono tu. Simu ililia, nikaenda kuipokea. Niliporudi nikaendelea na kazi nyingine."

Nati hizo ziko nane, mbili kwa kila konrodi. Mmoja akilegeza kifuniko wakati kranki inazunguka mara elfu sita kwa dakika, konrodi hutoboa ubavu wa injini, oili ikamwagika chini ya matairi yake na ya anayemfuata. Kijana alilijua hilo. Alijua pia kwamba angenyamaza, hakuna ambaye angeuliza. Aidha, katika gari lile sampu haitoki kirahisi injini ikiwa mahali pake, maana fremu ya mbele imeikinga. Kuitazama nati moja kulikuwa na maana ya kuishusha injini nzima upya, kuikosa siku ile na kupoteza ada.

Nilimtazama mdogo wangu. Ni mtu mwema, lakini ni mwepesi wa kufoka, na kwa gari hili alikwisha kufoka kwa makosa madogo kuliko hilo. Shemeji naye alimtazama. Mdogo wangu aliweka kijiko chini, akafuta mkono, akamuuliza mwanawe, "Unahitaji mtu wa kukushikia taa?"

Jioni tatu tulikuwa watu watatu gerejini. Baba aliyesema hayumo ndiye aliyeshika mnyororo wakati injini inapanda. Sampu ilipotoka, kijana aliweka spana ya kipimo kwenye nati ya kwanza, akavuta mpaka ikalia. Nati haikusogea. Akaenda ya pili, ya tatu. Alipofika ya nane mkono ulimtetemeka. Akavuta. Spana ikalia, nati imetulia palepale. Ilikuwa imekazwa sawasawa tangu mwanzo.

Kijana akakaa chini sakafuni. "Nimewasumbua bure," akasema. Baba yake akamjibu, "Si bure. Leo nitalala."

Mwezi uliofuata tuliiwasha. Kwanza tulitoa plagi na kuizungusha kwa stata mpaka presha ya oili ikapanda, ndipo tukaziruhusu pistoni zifanye kazi. Akaizoesha injini barabarani kwa mwendo wa sheria, akabadilisha oili na kichujio, kisha akalipa ada mara ya pili. Huko Mallory Park gari lilipimwa kelele kwanza, kwa sababu majirani wa uwanja nao wana haki yao. Nilisimama uzioni na shemeji. Alikuwa ameshika tasbihi, na sikumuuliza alikuwa anahesabu nini. Kila baada ya mizunguko michache kijana alirudi, akaacha breki zipoe, akaangalia oili. Alasiri wakarudi nyumbani wamepakiana, baba na mwana, gari halina moshi.

Ndugu msomaji, huenda kwako hakuna uwanja wa mbio, na mwanao hana gari bali ana pikipiki, cherehani, au daftari la mahesabu ya duka. Jambo ni lilelile. Tunajitahidi kuwafundisha watoto wasiseme uongo, na hilo ni wajibu wetu. Lakini yule kijana hakuwa na uongo wa kuficha. Alikuwa na shaka tu, na shaka ni rahisi kuinyamazia, kwa kuwa mwenye nayo hujiambia kwamba huenda mambo ni sawa. Mtoto ataileta shaka yake mezani ikiwa mara iliyopita alipoileta hakuaibishwa. Akifokewa, safari ijayo atafunga sampu na kwenda zake.

Basi tujiulize sisi wazazi, kabla ya kuwauliza wao: mara ya mwisho mtoto aliposema "sina hakika," tulimjibu nini? Na kama tulimjibu vibaya, bado usiku wa leo upo. Tuwaite, tukae nao, tushike taa.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.