UKURASA WA WAZAZI NA WATOTO: Mkono Utangulie Kalamu



Mwezi huu tumeletewa barua na dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye sasa anakaa Marekani pamoja na mumewe. Mtoto wao wa kiume, mwenye umri wa miaka sita, ametiwa katika skuli ambayo nusu ya masomo yake husomeshwa kwa Kiingereza na nusu kwa Kihispania, kwani mtaa wanaokaa umejaa watu wasemao lugha hiyo. Kila jioni mtoto hurudi na karatasi ya maneno ya kunakili, naye huyanakili huku akilia. Siku moja alimwambia mamaye: “Wewe huwezi kunisaidia, wewe hujui.” Dada yetu aandika kwamba neno hilo lilimchoma kuliko kisu, kwa sababu ni kweli. “Sijui Kihispania hata neno moja,” asema. Kisha auliza mambo mawili: Je, nimtoe mwanangu katika skuli hiyo? Na je, tukiacha kusema Kiswahili nyumbani, atapata wepesi?

Swali la pili jawabu lake ni fupi: La, usiache. Watoto wa pwani yetu tangu zamani husema Kiswahili na mama zao, husoma Kiarabu chuoni, na Kiingereza skuli, wala hawakudhurika. Lugha ya mama si mzigo wa kutuliwa chini ili mwingine ubebwe. Tena Kiswahili kikitoka katika nyumba hiyo, siku mtoto atakapozungumza na nyanya yake aliyeko Mombasa, ni nani atakayekuwa mkalimani baina ya damu na damu?

Ama swali la kwanza, twasema: usimtoe kabla ya kujaribu njia nyingine. Kosa si la mtoto, wala si la lugha. Kosa ni kumpa mtoto mdogo jina la kitu pasipo kumpa kitu chenyewe. Mwambie mtoto aandike neno “cuchara” mara ishirini, na kesho atakuwa amelisahau. Lakini mwambie kwamba uji uko tayari, akulete “cuchara” aunywe, na kijiko hicho hatakisahau. Mkono utangulie, kalamu ifuate.

Labda dada yetu atasema: “Nitafundishaje nisilolijua?” Basi na atazame barua yake mwenyewe. Ameandika kwamba hajui “hata” neno moja, na neno hilo hilo “hata” ni la Kihispania! Wao husema “hasta”, nalo limetoka katika Kiarabu “hatta” kama letu. Waislamu walitawala sehemu za Uhispania tangu mwaka 711 mpaka Granada ilipoanguka mwaka 1492, na Kiarabu kiliacha maneno mengi katika lugha ya nchi ile. Sisi nasi tumeyapokea mengi katika hayo kwa njia ya bahari yetu. Mtu asiyetajwa jina, sisi twamwita fulani. Wao humwita “fulano”. Na mtu atamanipo jambo liwe, wao husema “ojalá”, neno ambalo ndani yake limo jina la Mwenyezi Mungu, ingawa wengi wasemao hawajui.

Kwa hiyo somo la kwanza lifanywe jikoni. Mama atwae sinia, aweke sukari kidogo, limau, zafarani, zeituni na biringani. Sukari ni “azúcar”, limau ni “limón”, zafarani ni “azafrán”, zeituni ni “aceituna”, na biringani ni “berenjena”. Mtoto ashike, anuse na aonje, kisha ataje. Atakapoona kwamba sinia zima ni la jamaa zake, hofu itapungua. Na meza iliyochukua sinia, ambayo jina lake tulilipata kwa Wareno, ni “mesa” kwa Kihispania pia, maana Kireno na Kihispania ni lugha ndugu.

Katika kufundisha majina hayo, afuate hatua tatu alizozitumia Maria Montessori, daktari wa Kitaliana aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Kwanza, mama hushika kitu na kukitaja: “Hili ni limón.” Pili, huuliza: “Ni lipi limón? Nipe.” Mtoto hujibu kwa mkono, wala halazimishwi kusema. Tatu, ndipo mama huuliza: “Hili ni nini?” Mtoto akikosa katika hatua ya tatu, asikemewe, arudishwe hatua ya kwanza kwa upole. Vitu vitatu kwa siku vyatosha.

Mchezo wa pili ni wa amri. James Asher, Mmarekani mtaalamu wa elimu ya nafsi, alieleza katika miaka ya 1960 njia ya kufundisha lugha kwa kumwamuru mwanafunzi naye atende kwa mwili kabla ya kutakiwa aseme. “Levántate”, yaani simama. “Siéntate”, kaa. “Salta”, ruka. “Toca la mesa”, gusa meza. Mama huamuru akitenda pamoja na mtoto. Kisha mtoto huamuru, na mama hutii. Watoto hupenda sana zamu hii ya pili, kwani ni mara chache mdogo kupata ruhusa ya kumrusha mamaye.

Mchezo wa tatu ni wa hesabu. Msizitupe kokwa za tende. Zioshwe na kukaushwa. Mama anyoshe kiganja na kusema: “Dame tres”, nipe tatu. Aanze na “uno, dos, tres, cuatro, cinco”, na wiki ya pili aongeze “seis, siete, ocho, nueve, diez”.

Mchezo wa nne ni wa vikapu viwili. Katika Kihispania majina yamegawanyika makundi mawili: mengine hutanguliwa na “el”, kama “el plato”, sahani, na “el vaso”, bilauri, mengine hutanguliwa na “la”, kama “la taza”, kikombe, na “la cuchara”. Kila kitu kitiwe katika kikapu chake. Watoto wa lugha nyingine hutaabika hapa, lakini mtoto wa Kiswahili amezoea. Yeye husema kikombe chekundu na sahani nyekundu, bila ya kufundishwa na mtu; basi na aseme “taza roja” na “plato rojo”.

Matamshi nayo yasimtishe dada yetu. Irabu zao ni tano, a, e, i, o, u, na zatamkwa karibu sawa na zetu. Neno likiishia kwa irabu, kwa kawaida mkazo huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kwetu. Panapokuwa vingine, alama juu ya irabu huonyesha. Herufi “j” hutamkwa kama kha ya Kiarabu, “ñ” ni ny ya nyama, na “h” haitamkwi. Herufi “z” katika nchi za Amerika hutamkwa kama s.

Liko jambo moja zaidi ambalo mtoto wa Kiislamu alijue mapema, kwa ajili ya chakula cha skuli. Nguruwe ni “cerdo”, na paja lake lililokaushwa ni “jamón”. Afundishwe kusema kwa adabu: “No como cerdo, gracias”, yaani, sili nguruwe, ahsante.

Muda wa michezo hii usizidi robo saa kwa siku, baada ya mtoto kula na kupumzika, na ukome angali ana hamu. Karatasi ya skuli ije baadaye. Kwani ataandika majina ya vitu alivyokwisha kuvishika, na mwenye kuandika anachokijua halii.

Limebaki lile neno lililomchoma dada yetu. Siku mtoto atakaposema tena, “Wewe hujui,” mama asikasirike wala asione haya. Na amjibu: “Ni kweli, mwanangu, sijui. Wewe umekwenda skuli leo; nifundishe.” Kisha akae chini na sinia lake. Mtoto anayemfundisha mamaye hufundisha kwa bidii, na alifundishalo hulishika. Wala heshima ya mama haitapungua, bali itazidi, kwa kuwa mtoto ameona kwa macho yake kwamba mtu mzima naye hutafuta elimu, na kwamba kutojua si aibu.

Tutafurahi dada yetu akituandikia tena atuarifu yaliyojiri.