Shuka la Einstein likunjwe, saa iwekwe mezani

Mwalimu wa fizikia akitaka kueleza nadharia ya Einstein huanza na shuka. Wanafunzi wanne wanalishika pembe na kulivuta mpaka linakaza. Katikati unawekwa mpira mzito, shuka linabonyea, kisha gololi zinaviringishwa kutoka pembeni. Zinazunguka, zinazunguka, mwisho zinatumbukia kwenye kibonyeo. Darasa linashangilia. Mwalimu anahitimisha kwamba mpira ni Jua, gololi ni sayari, na shuka ni nafasi iliyopindwa na uzito wa Jua.

Hapo ndipo mtoto wa dawati la nyuma, yule ambaye kila darasa linaye, hunyoosha mkono. Gololi imetumbukia kwa nini? Kwa sababu kibonyeo kiko chini. Na vitu huenda chini kwa nini? Kwa sababu ya nguvu ya uvutano. Basi uvutano umeelezwa kwa uvutano, kama kamusi inayosema kuku ni mama wa kifaranga na kifaranga ni mtoto wa kuku. Shuka hilohilo likitandazwa ndani ya kituo cha anga za juu, mpira hautabonyeza kitu na gololi itapita zake moja kwa moja.

Safu hii inaona mfano wa shuka umeshatumikia vya kutosha, upumzishwe. Si kwamba ni uongo mtupu. Una nusu ya ukweli, na nusu hiyo itarudi hapa chini. Kosa lake ni kuanzia upande usiofaa, kwa sababu kinachoangusha nazi kutoka mnazini si kupinda kwa nafasi, au tuseme mchango wa nafasi hapo ni mdogo kiasi cha kutohesabika. Kinachoiangusha ni wakati.

Kiswahili nacho kina mkono katika jambo hili. Neno lenyewe, uvutano, limeshamaliza mjadala kabla haujaanza: kuna anayevuta na kuna anayevutwa. Tena kile kiambishi cha kutendana kimefanya kazi kubwa. Dunia inaivuta nazi, nazi nayo inaivuta Dunia, kwa nguvu ileile. Isaac Newton, katika kitabu chake cha 1687, alihitaji kanuni na maelezo kulifikisha hilo. Kiswahili kinalisema kwa neno moja. Ila Newton mwenyewe hakulala vizuri na wazo lake. Mwaka 1693 alimwandikia mchungaji Richard Bentley kwamba kitu kimoja kukivuta kingine kupitia utupu, bila chochote katikati cha kupokezana nguvu hiyo, ni upuuzi ambao mtu mwenye akili timamu ya kifalsafa hawezi kuukubali. Aliacha hesabu zake zifanye kazi, na zikafanya. Wahandisi wa Daraja la Kigamboni hawakumhitaji Einstein. Hata safari za Apollo kwenda mwezini zilipangwa kwa hesabu za Newton.

Neno libaki, kwa hiyo. Watu wanasema jua limezama na hakuna anayemtafuta mzamiaji. Tatizo linaanza pale mtu anapolichukua neno na kudhani amepata maelezo.

Maelezo mengine yalianza kuota mwaka 1907 mjini Bern, Uswisi, katika ofisi ya hataza alikofanya kazi kijana Albert Einstein. Akiwa kwenye kiti chake alipata wazo ambalo baadaye aliliita la furaha kuliko yote maishani mwake: mtu anayeanguka hahisi uzito wake. Linaonekana dogo. Mtu aliyeporomoka kutoka darini ana mambo mengine ya kuhisi. Lakini hebu wazo hilo lichukuliwe kwa uzito wake. Kama Dunia inamvuta kweli, mbona wakati anapovutwa bila kizuizi chochote ndipo hasikii kitu, na akikaa kitini, ametulia, ndipo anasikia makalio yakibanwa?

Leo ushahidi uko mfukoni mwa karibu kila msomaji. Ndani ya simu kuna kipima mchapuko, kile kinachofanya skrini igeuke simu inapolazwa ubavu. Zipo programu zinazoonyesha namba zake. Simu ikiwa imetulia juu ya meza, namba inasoma takribani 9.8, na uelekeo wake ni juu: simu inadai kwamba inasukumwa kwenda juu. Ikiangushwa, juu ya godoro na si sakafuni, namba inashuka hadi karibu na sifuri katika muda ule mfupi wa kuanguka. Kifaa hakina elimu ya Newton wala ya Einstein, kinasema kinachopimika tu. Na kinachopimika ni kwamba meza ndiyo inayosukuma, na simu inayoanguka haiguswi na nguvu yoyote.

Vivyo hivyo wanaanga wanaoelea katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, yapata kilomita 400 juu. Wengi huambiwa kwamba huko hakuna graviti, yaani uvutano huo. Ipo, tena karibu asilimia 88 ya ile iliyoko ardhini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja mfululizo, na anayeanguka hahisi uzito.

Sasa, kitu kisichoguswa na nguvu yoyote kinapaswa kwenda njia iliyonyooka. Nazi inayoanguka iko katika hali hiyo. Inawezekanaje basi njia iliyonyooka ikaishia utosini mwa mtu?

Wawepo wasafiri wawili. Mmoja asimame Kayabwe, Uganda, pale ambapo barabara ya Kampala kwenda Masaka inakatiza ikweta na watalii hupiga picha. Mwingine asimame kwenye ikweta Nanyuki, Kenya, mashariki yake kwa zaidi ya kilomita 500. Wote waelekee kaskazini barabara, bila kukunja kulia wala kushoto. Mwanzoni njia zao ziko sambamba kabisa. Lakini wakifika usawa wa St Petersburg, Urusi, umbali kati yao umebaki nusu, na kwenye ncha ya kaskazini watagongana vichwa. Hakuna aliyemvuta mwenzake wala aliyekosea njia. Uso wa Dunia umepinda, basi, na njia mbili zilizonyooka juu ya uso uliopinda hukutana.

Badala ya kaskazini, iwekwe kesho. Kila kitu kinasafiri kwenda kesho, hata mzee aliyejilaza mkekani hana hiari. Na mwendo wenyewe si wa kitoto: katika hesabu za Einstein, sekunde moja ya wakati ina urefu sawa na umbali ambao mwanga husafiri kwa sekunde moja, yaani takribani kilomita 300,000. Nazi inayodondoka kutoka mita 20 hutumia sekunde mbili. Katika sekunde hizo imekwenda kilomita 600,000 upande wa wakati na mita 20 upande wa chini. Njia yake imepinda kidogo sana, kidogo kuliko jicho lolote linavyoweza kuona kama njia hiyo ingechorwa yote. Macho ya binadamu yanaona zile mita 20 tu, ndiyo maana anguko linaonekana la ghafla.

Na kupinda huko kwa wakati kukoje? Saa iliyo chini inakwenda polepole kuliko saa iliyo juu. Basi. Si hitilafu ya betri, ni wakati wenyewe. Mwaka 2020 wanasayansi wa Japani walitangaza kwamba waliweka saa mbili za kiwango cha juu kabisa katika mnara wa Tokyo Skytree, moja chini na nyingine mita 450 juu, na ya juu ilitangulia kwa takribani sehemu nne za bilioni za sekunde kila siku, kama nadharia ilivyotabiri. Kwa hesabu hiyohiyo, saa iliyoachwa Kilele cha Uhuru, mita 5,895, itaitangulia ile ya ufukweni Tanga kwa sehemu 20 hivi za milioni za sekunde kwa mwaka. Wapagazi wa Kilimanjaro wanazeeka haraka kuliko wavuvi wa Tanga, ingawa mizigo ina mchango mkubwa zaidi.

Mfano unaofaa kuchukua nafasi ya shuka upo, na kila aliyehudhuria sherehe za kitaifa ameuona: gwaride. Safu ya askari inapogeuka kulia, walio upande wa ndani hupiga hatua fupi na walio nje hupiga ndefu. Safu nzima inapinda kuelekea kwa wenye hatua fupi, bila mtu kuvutwa kwa kamba. Nazi nayo ina upande wa chini, ambako wakati una hatua fupi, na upande wa juu, ambako hatua ni ndefu. Ikiachwa bila kushikwa, mwendo wake kuelekea kesho unapinda kwenda kule wakati unakochelewa, yaani chini. Kuna wanafizikia watakaoguna, na mfano huu kweli una nyufa zake. Angalau hauombi graviti msaada ili kuieleza graviti.

Anayedhani haya ni mambo ya wenye nafasi ya kufikiri amuulize dereva wa bodaboda anayefuata ramani ya simu. Setilaiti za GPS ziko yapata kilomita 20,200 juu. Huko saa inatangulia kwa sehemu 45 za milioni za sekunde kwa siku kwa sababu graviti ni hafifu, na inachelewa kwa sehemu 7 kwa sababu ya kasi ya setilaiti, zinabaki 38. Katika muda huo mfupi mwanga hukata zaidi ya kilomita 11, karibu mwendo wa kutoka Posta hadi Ubungo. Mwaka 1977 Wamarekani waliporusha setilaiti ya majaribio iliyobeba saa ya atomi ya sizimu, wapo waliokuwa na shaka, wakaweka mtambo wa marekebisho wenye swichi. Kwa siku 20 swichi ilizimwa. Saa ikatangulia kwa kiasi kilekile kilichotabiriwa, tofauti ikiwa asilimia moja tu. Swichi ikawashwa.

Turudi kwenye nusu ya ukweli iliyomo katika shuka. Kwa vitu vya mwendo mdogo, kama nazi na sayari, kupinda kwa wakati kunatosha karibu kwa kila kitu. Mwanga ni tofauti: unakwenda kasi mno hivi kwamba kupinda kwa nafasi nako kunapata sauti sawa. Wakati peke yake ungepinda mwanga wa nyota upitao kando ya Jua kwa kiasi fulani, na nafasi inaongeza kiasi kama hicho. Jumla aliyoitabiri Einstein katika hesabu alizokamilisha Berlin Novemba 1915 ni ndogo, sawa na upana wa sarafu inayotazamwa kutoka kilomita tatu.

Kupima jambo hilo kulihitaji giza la mchana. Mei 29, 1919, jua lilipatwa kwa muda mrefu usio wa kawaida, zaidi ya dakika sita penye kilele. Mwanaastronomia Arthur Eddington na mwenzake walikuwa kisiwani Príncipe, magharibi mwa Afrika, wakipambana na mawingu. Timu nyingine ilikuwa Sobral, Brazili. Kivuli hakikuishia Príncipe. Kilivuka msitu wa Kongo, kikapita juu ya Ziwa Tanganyika jua likiwa limeshainama, kikaelekea Bahari ya Hindi. Waliokuwa kwenye mitumbwi ziwani siku hiyo waliona jambo lilelile ambalo Novemba 6 lilitangazwa London kuwa ushindi wa Einstein, ila hawakuwa na kamera wala aliyewauliza.

Pwani ya Afrika Mashariki ilipata nafasi yake miaka 51 baadaye, na safari hii haikupita kama kivuli. Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri nchini Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa na Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Juu yake ilikuwa setilaiti ya NASA yenye uzito wa kilo 140 hivi, ya kwanza kujengwa mahususi kwa kutafuta vyanzo vya eksirei angani. Kwa heshima ya sikukuu ya wenyeji iliitwa Uhuru. Kazi ikafanyika: orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti huo alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002.

Kati ya vyanzo hivyo kimoja, Cygnus X-1, kilionekana kumetameta mara kadhaa ndani ya sekunde moja, dalili kwamba ni kitu kidogo sana. Wanaastronomia wakakuta nyota kubwa inakizunguka kwa siku zisizofika sita, ikiwa na mwenza mzito asiyeonekana. Ni shimo jeusi, kitu ambacho hata mwanga hautoki ndani yake, na hapo hadithi ya saa ya Kilimanjaro inafika mwisho wake: anayetazama kutoka mbali angeiona saa inayokaribia ukingo wa shimo hilo ikipunguza mwendo, ikipunguza tena, mpaka ionekane kama imesimama.

Mwaka 1974 mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Mwaka 1990, ushahidi ulioanzia kwenye chombo cha Ngomeni ukiwa umerundikana, alikubali kushindwa na kulipa alichoahidi, usajili wa mwaka mmoja wa jarida ambalo gazeti linalosomwa sebuleni haliwezi kulitaja.