Kalamu, Kisu na Kamera

Imeenea miongoni mwetu dhana kwamba sanaa ya macho ni anasa ya watu wenye nafasi, kwamba haiwezi kuanza mpaka zipatikane rangi ghali, turubai na mwalimu aliyehitimu ng'ambo, na kwamba mtoto wa mtu wa kawaida akikutwa anachora pambizoni mwa daftari lake la hesabu yafaa akaripiwe, kwa kuwa anapoteza wino na wakati. Dhana hii ina madhara mawili: huwanyima watoto wengi chombo cha kufikiri ambacho gharama yake haizidi kipande cha mkaa na ubao mkuukuu, na huwazoeza watu wazima kuipima kazi ya sanaa kwa bei ya mali iliyotumika badala ya kuipima kwa akili iliyoitumia mali hiyo. Mimi nadai kinyume chake: kwamba shina la sanaa zote za macho ni ustadi mmoja, nao ni ustadi wa kuchagua kinachofaa kubaki na kuacha kilichozidi, kwamba ustadi huo hufunzika, na kwamba ungestahili kufunzwa kwa bidii ileile tunayoitumia kufunza kusoma na kuandika.

Tuanze na mchoro wa mstari, kwa kuwa ndio ulio fakiri kuliko sanaa zote. Mchoraji wake hana rangi ya kumsaidia wala kivuli cha kusitiri kosa. Anayo njia moja nyembamba inayopita kalamu, na kando ya njia hiyo pana uwazi ambao mtazamaji hana budi kuujaza kwa akili yake mwenyewe. Ufakiri huo haukuwazuia watu wa zama za kale waliokaa katika majabali ya Kolo, wilayani Kondoa, na sehemu za jirani zake, kuacha michoro iliyotufikia sisi, hata mahali hapo, penye mapango na vivuli vya majabali zaidi ya 150 vilivyochorwa, pakatiwa mwaka 2006 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mary Leakey, ambaye watu wengi humjua kwa mifupa ya Olduvai kuliko kwa jambo jingine, alikwenda huko mwaka 1951 kuinakili michoro hiyo kwa mkono wake. Anayeitaamali huona watu warefu, wembamba, waliochorwa kwa mistari myekundu, aghalabu bila macho, bila pua na bila midomo, na hata hivyo hasiti kutambua yupi anainama na yupi amesimama, kwa kuwa mchoraji alikwisha kujua kwamba hali ya mwili imo katika mgongo na magoti kabla haijawa usoni, naye akaacha kila kisichokuwa cha lazima.

Wala hakuna haja ya kurudi nyuma zama zote hizo, maana ustadi uo huo unaonekana leo katika nyumba yoyote ya mwambao yenye bibi harusi. Mchoraji wa hina huuweka mkono wa mwari juu ya mto, akaugeuza kiganja juu na kiganja chini pasipo kuutia kitu, hata waliokaa naye wakadhani anapumzika, kumbe hapo ndipo kazi ilipo. Kisha huishika koni yake ya plastiki iliyokatwa ncha, akaanza na ua moja karibu na kifundo. Ua huzaa kikonyo, kikonyo hupanda kwa mshazari kuelekea kidole cha shahada, na njiani hutoa majani na vitone ambavyo hupungua ukubwa kila vinapokaribia ukucha. Hina ikishatua juu ya ngozi haina kifutio, na piko, ile rangi nyeusi, ni kali zaidi. Fundi mchanga hukijaza kiganja chote mpaka lisijulikane ua wala jani. Fundi hodari huiacha ngozi tupu baina ya jani na jani, kwa kuwa amekwisha kufahamu kwamba uwazi huo nao unalichora ua.

Wako watu watakaoistahi michoro ya majabali na hina ya harusi, lakini watacheka wakisikia mboga na matunda yakihesabiwa katika sanaa. Hao na wasikilize habari za mji wa Oaxaca, nchini Meksiko, ambako kila tarehe 23 Disemba uwanja mkuu wa mji hupangwa meza za sanamu zilizochongwa kwa figili. Shindano hilo lilianzishwa rasmi mwaka 1897, nalo limepata heshima kiasi kwamba figili zake hulimwa kwa makusudi hayo, zikaachwa ardhini kupita wakati wa kuliwa mpaka zikanenepa na kujipinda kwa maumbo yasiyotarajiwa. Mchongaji huitumia ngozi nyekundu kuwa nguo, na nyama nyeupe kuwa nyuso na mikono. Figili iliyogawanyika mizizi miwili humpa miguu ya mcheza ngoma, na iliyopinda humpa mgongo wa mzee. Tangu kisu kinapoigusa, kazi huanza kusinyaa na kubadilika rangi, hata mwenyewe akalazimika kuinyunyizia maji mara kwa mara, naye anajua kwamba baada ya usiku huo hakitabaki kitu ila picha. Nchini Thailand uchongaji wa matunda na mboga ulikuzwa katika majumba ya wafalme, ukawa elimu yenye walimu na kanuni zake. Na huku kwetu tikiti maji lililochongwa maua limekwisha kuingia katika meza za harusi na hoteli, aghalabu pasipo mtu kuuliza jina la aliyelichonga.

Lakini mwangalie mchongaji huyo wa tikiti akiwa kazini. Tikiti limempa rangi zake zote pasipo kununua hata moja, naye huzipata kwa kipimo cha kina cha kisu peke yake: akiparua ngozi ya kijani hupata weupe, akizidi kidogo weupe huanza kuona haya, akizidi tena hutokea wekundu, na ncha ya kisu ikishuka kuliko ilivyokusudiwa ua lake hupasuka maji. Hawezi kuongeza chochote. Kila analolifanya ni kuondoa, na alichokiondoa hakirudi. Hii ndiyo kanuni ileile ya mafundi wa milango ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Unguja, waliochora kwanza juu ya mbao ua, mnyororo au mawimbi, kisha wakaichukua patasi na kuuondoa mti wote ulioizunguka nakshi, mpaka nakshi ikasimama peke yake.

Wengine watauliza: kuna faida gani kutaabikia kitu kitakacholiwa au kuoza kabla ya asubuhi? Swali hilo lingekuwa na nguvu kama sanaa ingekuwa ni kile kitu kilichochongwa na basi. Lakini tunda lililochongwa huacha nyuma mkono uliozidi kujua, na mkono huo kesho utachonga tunda jingine kwa uhakika zaidi, au utakabidhiwa ubao wa mpingo na kuukuta si mgeni. Isitoshe, kitu cha bei nafuu ndicho mwalimu mwenye huruma: anayekosea katika mvule hupoteza mali ya watu, ilhali anayekosea katika papai hula kosa lake akaanza upya. Taifa linalotaka mafundi wa mpingo lisiwadharau mafundi wa papai.

Kamera ndiyo inayoelekea kuikanusha hoja hii, maana yaonekana kuchukua kila kilicho mbele yake bila kuchagua. Walakini wapigapicha wakubwa wa bara letu ndio mashahidi wangu walio bora. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, aliwapiga wateja wake uani kwa mwanga wa mchana, nyuma yao ametundika kitambaa, na hapo mwanzo kitambaa hicho kilikuwa ni shuka ya kitanda chake mwenyewe. Na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, alizoea kumpiga mtu picha moja tu. Kwa hiyo shauri lote lilipitishwa kabla kidole hakijabonyeza: bega ligeuzwe kiasi gani, mkono ukae wapi, maua ya vazi yapatane na maua ya kitambaa au yashindane nayo. Picha hizo, zilizokusudiwa kuwekwa sebuleni na kupelekewa jamaa waliokuwa mbali, leo hutundikwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Unguja nayo ina Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na anayetaka kujua mitaa, majahazi na nyuso za kisiwa hicho zilikuwaje kabla hajazaliwa hana budi kushukuru kwamba palikuwa na mtu aliyejua pa kusimama na saa ya kungojea.

Na uzito wa kuchagua huko haumo katika uzuri peke yake. Mwezi Oktoba 1984 Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, akiwa na kamera yake. Njaa ya huko ilikwisha kuelezwa kwa maneno na kwa tarakimu, na dunia ilikwisha kuzisikia tarakimu hizo ikaendelea na shughuli zake. Picha alizozileta yeye ndizo zilizouamsha ulimwengu, kwa sababu badala ya kuonyesha umati tu zilikaa na mama mmoja, na mtoto mmoja, na blanketi moja katika baridi ya alfajiri, mpaka mtazamaji akakosa pa kugeuzia macho.

Tofauti ya zama hizo na zetu si kwamba wao walikuwa na vyombo bora. Vyetu ni bora mara nyingi. Tofauti ni kwamba kwao kila picha ilikuwa na gharama, na gharama iliwalazimisha kutazama kwanza, ilhali simu imeiondoa gharama na pamoja nayo imeondoa kutazama. Harusi moja hupigwa picha mia kadhaa na wageni, na baada ya wiki hakuna anayeweza kusema ipi kati ya hizo ni picha ya harusi ile. Sisemi simu zitupwe. Nasema kwamba kamera iliyo mfukoni mwa mtu asiyefunzwa kuchagua humwongezea vitu, haimwongezei kuona.

Ipo hoja ya mwisho, nayo ndiyo inayotolewa na wazazi wenye nia njema: kwamba sanaa haijazi tumbo. Jibu lake limo Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 juu ya vipande vya mbao vilivyotengenezwa kwa ujenzi, akitumia rangi za mafuta za kupakia baiskeli, vitu ambavyo msomi wa sanaa wa siku hizo asingeviita vifaa. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu, baada ya miaka michache tu ya kazi, lakini jamaa na wanafunzi aliowafunza waliishika njia yake, wakaunda ushirika mwaka 1990, na jina lake likawa jina la sanaa nzima inayolisha nyumba nyingi mpaka leo. Ni kweli pia kwamba soko la watalii limewatia wengi katika kunakili twiga yuleyule na tembo yuleyule pasipo kutazama tena mnyama, na hapo ndipo ninapoona kwamba fedha peke yake si dawa: mchoraji aliyeacha kutazama hupunjwa na soko, kwa sababu twiga anayeweza kuchorwa na kila mtu hana bei.

Basi mambo matatu yangetosha kuanzia. La kwanza, kila shule ya msingi itenge muda mfupi kila siku ambao watoto watachora kitu kilicho mbele ya macho yao, iwe jani, jembe au mguu wa dawati, pasipo kunakili kutoka kitabuni na pasipo kushindanishwa. Mwalimu hahitaji kuwa mchoraji, anahitaji kuuliza swali moja tu, umeona nini ambacho jana hukukiona? La pili, sisi tunaonunua kazi za mikono tuache kuuliza kwanza uzito wa mpingo au idadi ya rangi, tuulize nani aliyefanya na amechagua nini. Na hoteli, magazeti na wenye sherehe waliandike jina la aliyechonga na la aliyepiga picha, kama wanavyoliandika la aliyefadhili. La tatu, mzazi akikuta michoro pambizoni mwa daftari, aitazame kabla hajaikaripia, kwa kuwa huenda ukurasa huo ndio pekee katika daftari zima ambapo mwanawe ameandika jambo asilolitoa ubaoni.

Atakayeona kwamba nimeupa mstari sifa zaidi ya haki yake, na avue kiatu chake, akiweke mezani, achukue penseli na kukichora kwa mistari isiyozidi kumi. Miaka yote hiyo amekivaa. Hapo atajua kama amewahi kukiona.