Sheikh wa Mogadishu na lugha yake
Jioni moja pale mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi, tukiwa kwenye kibanda cha chai, mzee ninayemheshimu sana alisema falme za kale za Wasomali zilijengwa na Waarabu. Wenyeji, alisema, walikuwa wachungaji tu. Hakuna aliyempinga. Mimi nampinga leo, kwa adabu, maana kauli hiyo nimekutana nayo hata vitabuni.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alishuka Mogadishu. Akapelekwa kwa mtawala, Sheikh Abu Bakr bin Umar, na kabla hajakaa vizuri akaletewa sinia ya tambuu na popoo. Kisha chakula: wali wa samli kwenye sahani kubwa ya mbao, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi, maembe. Mtu wa Lamu angekaa jamvini bila kuuliza kitu.

Kuhusu mwenyeji wake aliandika kwamba asili yake ni Barbara, jina ambalo Waarabu waliwaita watu wa upande ule, na kwamba alisema Kimakdishi, lugha ya Mogadishu, ingawa Kiarabu alikijua pia. Kuhusu kadhi wa mji, Ibn al-Burhan, aliandika kuwa ni mtu wa asili ya Misri. Hapo ndipo penye uzito. Msafiri huyu alijua kutofautisha mgeni na mwenyeji, na mwenye dola akamweka upande wa wenyeji.

Wageni walikuwapo, sikatai. Maandishi ya msikiti wa Arba'a Rukun pale pale Mogadishu yanamtaja mtu wa Shiraz, Uajemi. Lakini hata kama ndiye aliyeujenga, kujenga msikiti hakumfanyi mtu kuwa chimbuko la ufalme.

Wapo watakaonitajia Walashma, ukoo wa watawala Waislamu wa Pembe ya Afrika. Umar Walashma aliangusha dola ya Makhzumi ya Shewa, katika Ethiopia ya leo, mwaka 1285, na kizazi chake kikatawala usultani wa Ifat, kisha wa Adal, hadi karne ya 16. Si walijiita Makureshi, watu wa kabila la Mtume? Walijiita. Ila mwanahistoria al-Maqrizi, katika karne ya 15, aliwanasibisha na Aqil bin Abi Talib, na historia ya ukoo wenyewe inawapeleka kwa al-Hasan bin Ali. Ukoo mmoja, mababu wawili mbalimbali! Mimi naisoma nasaba hiyo kama barua ya utambulisho: anayetawala Waislamu na kufanya biashara kupitia bandari ya Zeila, akitazamana na Aden, anahitaji jina linaloheshimika ng'ambo. Inatuonyesha alitaka kuheshimiwa na nani. Haituonyeshi alizaliwa na nani.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu ya Kibera. Jina lenyewe limetoka kwa Wanubi, jamii yenye asili ya Sudan: kibra, yaani msitu. Waliukuta msitu, wakaukata, wakazika wazee wao hapo. Hati ya ekari 288 waliipata mwaka 2017. Hata hivyo, kwa miaka mingi kijana wa Kinubi wa Kibera, sawa na kijana wa Kisomali wa Garissa, alisimama mbele ya kamati kabla ya kupewa kitambulisho, akiulizwa babu wa babu yake alitoka wapi.

Mzee wangu, nikirudi Kongo nitakuomba unijibu: Sheikh Abu Bakr, aliyesema Kimakdishi, ungemwambia arudi kwao wapi?