Kabla ya Bahari, Dereva Alale

Masika yanapokolea mwezi Aprili, wageni hupungua katika Kreta ya Ngorongoro, na madereva wa utalii wa Karatu hupata siku za mapumziko ambazo hawakuzipata tangu Desemba. Pasaka nayo huwa karibu. Ndipo baadhi ya familia hufunga mizigo kwenda kuona bahari, na si lazima iwe Tanga au Dar es Salaam: wapo wanaovuka mpaka wa Holili na Taveta kwenda Mombasa na Diani. Ni safari ya zaidi ya kilomita 500, na mara nyingi hupangwa kuwa ya siku moja.

Mazungumzo ya maandalizi huwa juu ya mpaka: hati za kusafiria, kibali cha gari, polisi wa upande wa pili, fedha za kubadilisha. Hayo yana nafasi yake. Hata hivyo, Tanzania na Kenya zote huendesha gari upande wa kushoto, na kule Holili na Taveta taratibu za nchi zote mbili hukamilishwa katika kituo kimoja. Hatari kubwa ya safari hii huanzia nyumbani, kwa dereva aliyeamka saa kumi alfajiri ili awahi lango la Lodoare linapofunguliwa, akashinda kreta na wageni, akarudi Karatu jioni, akapakia mizigo, kisha akawasha gari la familia saa tisa usiku.

Mwaka 1997 watafiti nchini Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa na umakini sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Tofauti ni kwamba mlevi hunuka pombe na jirani humnyang'anya ufunguo. Mchovu husifiwa kuwa ni mchapakazi. Gari linalokwenda kilomita 90 kwa saa hupita mita 100 kwa sekunde nne, na sekunde nne ni muda wa kutosha kwa usingizi mwepesi ambao dereva mwenyewe huenda asikumbuke kuwa ulimpitia. Kahawa na muziki wa sauti ya juu huahirisha usingizi kwa muda mfupi tu. Kinachouondoa ni kulala.

Barabara yenyewe haina huruma kwa mtu wa namna hiyo. Mwanzo ni mteremko wa Rhotia, kisha ule wa kushuka Mto wa Mbu, mara nyingi katika mvua na ukungu. Mwisho ni kipande cha Voi hadi Mombasa, ambako malori ya bandarini hupishana usiku na mchana, nacho hufikiwa mchana wa joto, baada ya chakula, wakati mwili unadai kulala. Wakazi wa Karatu hawahitaji kukumbushwa Rhotia. Tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi kutoka Arusha waliokuwa wakienda Karatu kufanya mtihani wa majaribio lilitumbukia korongoni hapo, likaua watoto zaidi ya 30 pamoja na walimu wao na dereva. Watoto watatu waliopona walipelekwa Marekani kutibiwa. Ajali ile si ya kuhusishwa na uchovu. Inatajwa hapa kwa sababu iliwaonyesha wote jinsi mteremko usivyosamehe, na jinsi msaada wa kwanza ulivyotoka kwa watu waliokuwa wakipita njia.

Hapa ndipo wahudumu wa afya wanapoingia, ingawa wengi hudhani jambo hili ni la askari wa usalama barabarani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka, nazo ndizo sababu kuu ya vifo vya walio na umri wa miaka 5 hadi 29. Ugonjwa wenye sifa hizo ungeulizwa katika kila chumba cha daktari. Lakini dereva akija zahanati na mafua, huondoka na vidonge vya Piriton bila kuambiwa kwamba vitamsinzisha. Na duka la dawa muhimu humuuzia vivyo hivyo. Mwenye kisukari anayetumia insulini huendesha bila kula, sukari ikashuka akiwa kwenye usukani. Mwenye kifafa hukosa dozi kwa kuwa dawa ziko kwenye buti chini ya mizigo.

Mkanda nao ni suala la tiba. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 kwa miaka mingi ilimtazama dereva na abiria wa mbele. Watoto wa viti vya nyuma waliachiwa busara ya wazazi. Mtoto aliyepakatwa na mama hana ulinzi: gari likisimama ghafla, hakuna mikono inayoweza kumzuia.

Kuhusu karatasi, liko jambo moja linalochanganya. Kadi za njano ni mbili. Moja ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho tangu Julai 2016 hutambuliwa kwa maisha yote baada ya dozi moja. Nyingine ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari nje ya nchi, na ndani yake mna gharama za matibabu ya dereva na abiria. Wapo wanaofika mpakani na moja wakidhani wanayo ya pili. Bima ya afya ya nyumbani si ya kutegemewa hospitalini Ukunda.

Hoja ya gharama itatolewa, nayo ni nzito: kulala Moshi au Voi ni fedha ya chumba kwa familia ya watu sita. Basi safari na ianze siku moja baadaye, dereva akishalala nyumbani usiku mzima, au pawe na madereva wawili. Asiyeweza lolote kati ya hayo apande basi.

Kurudi ni kugumu zaidi, maana likizo imekwisha na Jumatatu wageni wanasubiri. Kampuni za utalii za Karatu zinajua ni dereva yupi aliyekuwa pwani. Asipangiwe kreta siku inayofuata, na siku hiyo asikatwe mshahara.