Mbio zipite majarubani, lakini mchele wa Kahama upate jina kwanza

KILA mwezi Septemba, muda mfupi kabla ya zabibu kuvunwa, mji mdogo wa Pauillac kusini-magharibi mwa Ufaransa hupokea wakimbiaji wapatao 8,500. Wanakwenda kushiriki Marathoni ya Médoc, kilomita 42 na ushei kupitia mashamba ya mizabibu. Wengi huvaa mavazi ya kuchekesha. Vituo vya njiani hutoa mvinyo pamoja na maji, na wakikaribia mwisho hukuta chaza, nyama ya kuchoma na jibini. Muda wa kumaliza ni saa sita na nusu, kwa kuwa wengi wao hawakwenda kutafuta ushindi.

Mbio hizo zilianza mwaka 1985. Hapa nchini nako mbio za barabarani zimeenea, na karibu kila mkoa unatamani kuwa na zake. Kwa Shinyanga, na hasa Kahama, swali la msingi ni iwapo mbio za mashambani zinaweza kumwongezea mkulima kipato. Jibu ni ndiyo, kwa sharti kwamba zao litangulie na mbio zifuate.

Kahama ina sababu ya kuulizia jambo hili. Mgodi wa Buzwagi, ambao mkataba wake uliosainiwa London mwaka 2007 ulizua mjadala mkali bungeni, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuukoma mwaka 2021. Ulipofungwa, ajira ziliondoka, zabuni za chakula na usafiri zikaondoka, na halmashauri ikapoteza ushuru wa huduma uliokuwa ukitozwa kwa asilimia 0.3 ya mauzo ghafi. Mpango uliopo ni kuligeuza eneo hilo kuwa Eneo Maalumu la Kiuchumi lenye viwanda. Viwanda vinahitaji muda. Kata inayopakana na mgodi huo inaitwa Mwendakulima, na jina hilo linakumbusha kazi ambayo haikufungwa pamoja na mgodi.

Zao linalofaa kubeba mbio hizo ni mpunga. Hulimwa katika majaruba kwenye udongo mweusi wa mbugani, kwa kutegemea mvua. Wanunuzi wake hutoka Dar es Salaam, Mwanza na nchi jirani za Rwanda na Uganda. Barabara kuu ya kwenda Rwanda inapita hapo hapo, na bandari kavu ya Isaka haiko mbali. Hata hivyo, wakulima wengi huuza mpunga badala ya mchele, tena wakati wa mavuno ambapo bei iko chini, na mara nyingi kwa gunia la lumbesa. Faida kubwa hubaki kwa anayekoboa, anayepanga madaraja na anayefungasha. Mchele huo ukifika sokoni Dar es Salaam, mlaji anaambiwa tu kuwa ni wa Kahama au wa Shinyanga. Kijiji ulikotoka hakijulikani.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mchele wa Kahama usemi huo una kasoro, kwa sababu kweli unajiuza, lakini anayenufaika si yule aliyeupanda.

Hapa hesabu ndogo inasaidia. Chukulia kwamba mbio zimeleta watu 1,000, na kila mmoja akanunua kilo tano za mchele. Jumla yake ni tani tano, mzigo wa Fuso moja. Kwa soko la Kahama wakati wa msimu, mzigo huo hautaonekana. Anayedhani siku ya mbio yenyewe ndiyo soko, amekosea hesabu.

Faida inaanza baadaye. Ikiwa mfuko una jina la kikundi, kijiji na namba ya simu, mtu mmoja kati ya watano akaagiza kilo tano kila mwezi, hiyo ni tani moja kwa mwezi na tani 12 kwa mwaka. Kwa mkoa mzima si kitu. Kwa kikundi cha wakulima 30 ni wastani wa kilo 400 kwa kila mmoja, zilizouzwa zikiwa mchele na kwa bei isiyopangwa na dalali. Mfuko usipokuwa na jina, mgeni akila na kuusifia hatakuwa na pa kuagiza mwingine.

Wafaransa wa Médoc walilielewa hilo mapema. Mvinyo wa eneo hilo ulipangwa madaraja rasmi mwaka 1855, na majina ya mashamba yakaandikwa. Mbio zilikuja miaka 130 baadaye. Mkimbiaji anapopita mbele ya Château Lafite Rothschild anapita mahali ambapo jina lake alikwisha kulisoma kwenye chupa.

Tanzania ina zabibu zake Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, na wakulima wake wanajua uchungu wa zao lisilosubiri. Kiwanda kikichelewa kununua, zabibu huharibika katika siku chache. Mpunga una nafuu. Ukikaushwa vizuri na kuhifadhiwa ghalani, unaweza kumsubiri mteja.

Aidha, ukanda wa dhahabu si mgeni wa shughuli za namna hii. Tangu mwaka 2002, Mgodi wa Dhahabu wa Geita umekuwa ukiandaa upandaji wa Mlima Kilimanjaro kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Ni kazi njema, lakini fedha za kulala, kula na kulipa waongozaji hutumika Moshi. Huko Moshi, Kilimanjaro Marathon iliyoanza mwaka 2003 hupita kati ya migomba na kahawa kwenye mwinuko wa kuelekea Mweka. Wageni hujaza nyumba za kulala wageni mjini. Kahama nayo inaweza kupata wageni kwa ardhi yake yenyewe, mradi izingatie mambo matatu.

La kwanza ni majira. Mbio zifanyike baada ya mavuno na kabla ya Nane Nane, wakati majaruba yamekauka, asubuhi kuna ubaridi na mchele mpya umekobolewa.

La pili ni njia. Isiishie kwenye lami ya mjini. Ianzie karibu na lango la mgodi, iingie Mwendakulima, ifuate barabara za vumbi kati ya majaruba na kupita kwenye ngitili, yale malisho ya akiba ambayo mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulisaidia kuyarudisha. Barabara ikichongwa kwa ajili ya mbio, malori ya mazao yataitumia msimu mzima. Faida hiyo itamfikia hata asiyejua mbio zilifanyika lini.

La tatu ni meza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Vituo vya njiani vipewe vikundi vya vijijini, na chakula chake kiwe cha hapo: michembe, matobolwa, karanga na asali. Vyote vinampa mkimbiaji nguvu bila kuhitaji kuagiza biskuti kutoka mbali. Mwisho wa mbio kuwe na wali, mizani iliyokaguliwa na mifuko ya mchele ya kununua.

Wapo watakaosema kwamba mtu aliyeshinda na jembe hawezi kufurahia kumwona mtu wa mjini akikimbia kwa starehe. Hoja hiyo ina uzito ikiwa kijiji kitaambulia vumbi tu. Ndiyo maana sehemu ya ada ya ushiriki ipangiwe vijiji kwa maandishi kabla ya usajili kufunguliwa, na mwenye jaruba litakalokanyagwa alipwe. Bila hayo, mbio zitakuwa sherehe ya wafadhili iliyofanyiwa shambani kwa mtu.

Kinachotakiwa kununuliwa mwanzo si medali wala fulana. Ni mashine ya kukoboa na kupanga madaraja, mizani, turubai za kukaushia na mifuko iliyochapishwa jina. Ushirika na halmashauri wakianza na hivyo msimu huu, hata mbio zikichelewa miaka miwili, mkulima atakuwa hajapoteza kitu. Zikianza mbio bila hivyo, wageni watakimbia, watakula na kuondoka, na mpunga utauzwa kwa lumbesa kama kawaida.