Sare Zetu Zipimwe Kabla Hazijanunuliwa

Hapa shuleni mwanafunzi hutazamwa sare kwanza, alama baadaye. Suruali ikifura magoti au sketi ikining'inia upande, huambiwa ni mchafu, hajipendi. Kwa maoni yangu, mara nyingi kosa si lake bali ni la kitambaa.

Mzazi akienda dukani hukishika kitambaa kwa mikono miwili, akakivuta kwa nguvu. Kisipochanika, anatoa pesa. Jamani, kutochanika si hoja! Swali ni hili: kikishavutwa, kinarudi? Goti huivuta suruali polepole, tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni, na isiporudi ndipo tunaona kifuko.

Kitambaa cha kufumwa kina nyuzi za urefu, yaani mtande, na nyuzi za kukingama, yaani mshindo. Ukikivuta kwa kufuata nyuzi hizo, hakiendi mbali. Ukikivuta mshazari, kona kwa kona, kinanyumbuka sana kwa sababu miraba ya nyuzi inapinda. Ndiyo maana kitambaa kilichofumwa kwa kulegea hupoteza umbo upesi. Pamba tupu nayo hufanya kifuko kuliko pamba iliyochanganywa na poliesta, ingawa wakati wa joto pamba ndiyo nzuri.

Kupima ni rahisi. Kata vipande vitatu vya upana wa sentimita 5: kimoja cha mtande, kimoja cha mshindo, kimoja cha mshazari. Kila kimoja kitie alama mbili zilizoachana sentimita 20. Tundika uzani wa kilo 1 kwa saa moja. Uondoe, ngoja saa nyingine, kisha pima. Ukipata sentimita 21, kitambaa kimebaki kimerefuka kwa asilimia 5. Kifue mara tatu, urudie. Vifaa vyote vimo katika maabara, palepale tunapofundishwa kanuni ya Hooke kwa springi.

Kuna watakaosema hiyo ni kazi ya KEBS. Sawa, shirika hilo lipo tangu 1974, lakini haliwezi kuja kupima kila suruali ya kila shule. Wengine watasema kitambaa bora ni ghali. Mama yangu huninunulia suruali moja kwa mwaka. Ikiharibika muhula wa kwanza, hiyo bei rahisi imetusaidia nini?

Naiomba bodi ya shule, kabla ya kumpa muuzaji yeyote kazi ya sare, imwambie alete nusu mita ya kitambaa. Klabu ya Sayansi ipime, nasi wa Kiswahili tubandike matokeo ubaoni kwa lugha ambayo mzazi ataielewa. Muuzaji mwaminifu hatakuwa na neno. Nanyi walimu wetu wa zamu, tafadhali, mkiona goti limefura, kabla hamjamrudisha mtu nyumbani, kiulizeni kwanza kitambaa.